Tusingoje Mtoto Augue Ndipo Apewe Papai

Ukifika hospitalini kwetu saa ya kutazama wagonjwa utaona jambo ambalo sisi wauguzi wa wodi ya watoto tumelizoea. Ndugu wanaingia na vikapu. Ndani ya vikapu mna machungwa, mna ndizi mbivu, na mara nyingi mna papai kubwa lililofungwa vizuri kwenye khanga. Mtoto aliyelazwa anamenyewa na kulishwa kipande kwa kipande, hata kama hana hamu. Wadogo zake waliokuja kumtazama wanasimama kando ya kitanda, wanamwangalia anavyotafuna. Wao hawapewi, kwa sababu wao hawaumwi.

Siku moja tulimwuliza mama mmoja, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mtoto wake hula nini nyumbani. Akajibu bila kuficha: "Asubuhi uji. Mchana ugali na maharage. Jioni ugali na maharage."

"Na matunda, mama?"

Akashangaa kidogo. "Nesi, matunda si ya mgonjwa? Halafu huku kwetu kwenye baridi papai haliwi. Hili tumelinunua sokoni, limetoka mabondeni."

Mama huyu hakuwa mzembe. Alisema tu yale ambayo wengi wetu tunayaamini: kwamba tunda ni chakula cha mgonjwa, na kwamba baridi imetunyima papai. Mwezi huu tunataka kuyajibu yote mawili, maana tunaona wodini jinsi yanavyowaumiza watoto wetu.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunasifiwa nchi nzima kwa chakula. Mahindi yetu yanalisha miji. Viazi vyetu vinapakiwa kwenye malori usiku na mchana. Siku hizi parachichi letu linavuka bahari. Lakini uchunguzi wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba, nchini kote, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ni ipi? Iringa, asilimia 56.9. Njombe, asilimia 50.4. Rukwa, asilimia 49.8. Wakulima wenye maghala yaliyojaa ndio wenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Udumavu si ufupi wa kurithi kwa babu. Ni hali ya mtoto aliyekosa lishe iliyo kamili, au aliyeugua mara kwa mara, hasa kuharisha, katika siku 1,000 za mwanzo: tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka 2. Katika siku hizo mwili unajengwa na ubongo unajengwa. Zikipita, kuyarudisha yaliyopotea ni kazi ngumu sana. Mtoto huyo hatalia kwa njaa, kwa sababu tumbo lake limejaa ugali. Ndiyo maana mzazi hashtuki. Anashtuka mtoto anapofika darasa la tatu hajui kusoma, na hapo lawama zote anapewa mwalimu.

Hatutaki kumdanganya mtu. Papai peke yake haliondoi udumavu. Mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo anahitaji kuendelea kunyonya, pamoja na uji ulioongezwa nguvu, maharage, mayai, dagaa, maziwa, mboga za majani na matunda. Anahitaji pia maji safi na choo safi. Lakini katika orodha hiyo, tunda ndilo linalosahauliwa upesi, na ndilo ambalo familia nyingi zingeweza kulipata bila kutoa hata shilingi. Kwa hiyo tumeamua kuanza na tunda.

PAPAI LINA NINI?

Chukua kipande cha papai lililoiva cha gramu 100, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Ndani yake mna vitamini C kiasi cha miligramu 60. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 30 kwa siku. Maana yake nusu ya kipande hicho inamtosha kwa siku nzima.

Vitamini C ina kazi moja ambayo watu wengi hawaijui. Inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chuma ndicho kinachotengeneza damu. Mtoto akila maharage peke yake, sehemu kubwa ya chuma hicho hupita na kwenda zake. Akila maharage, kisha akala papai palepale mezani, mwili unachukua zaidi. Kumbe yule mama wa ugali na maharage alikuwa na chakula kizuri tayari. Alipungukiwa na kipande cha tunda cha kukisaidia.

Rangi ile ya machungwa ya papai hutoa vitamini A, ambayo hulinda macho na kuusaidia mwili kupambana na maradhi. Hapa pia tuseme ukweli: kipande kile cha gramu 100 kinampa mtoto mdogo kama sehemu moja ya nane tu ya mahitaji yake ya siku. Karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa na mboga za majani ya kijani vina zaidi. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Nina mpapai, siendi kliniki." Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mpeleke mtoto wako akapate, na papai ale.

BARIDI NA MPAPAI

Sasa tuje kwenye neno la pili la yule mama, kwamba huku papai haliwi. Hakusema uongo. Mpapai asili yake ni nchi za joto za Amerika ya Kati. Unapenda joto la nyuzi 21 hadi 33. Baridi ikizidi unasimama kukua, matunda yanachelewa kuiva, na yakiiva yanakuwa na maji mengi kuliko utamu. Umande ukiganda, unakufa.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza wa bustani ya wodi tulipanda miche 12 chini bondeni, karibu na bomba, tukifikiri maji ndiyo kila kitu. Tena tulipanda mwezi wa Juni. Kufika Agosti hapakuwa na mche hata mmoja. Mzee mmoja anayefyeka majani hospitalini akatucheka, halafu akatufundisha. "Baridi ni kama maji," akasema, "usiku inateremka na kulala bondeni. Nanyi mmeupelekea mpapai kitandani kwake."

Mwaka uliofuata tulipanda miche 6 nyuma ya jiko la wodi, kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma. Mmoja ulikufa. Miwili ilikuwa madume, tukakata mmoja na kuacha mmoja. Mitatu imezaa, na watoto wa wodi wamekula. Basi haya ndiyo tuliyoyajifunza:

1. Chagua mahali kabla ya kuchagua mbegu. Panda kwenye mwinuko au mteremko, si bondeni. Tafuta ukuta unaotazama kaskazini, maana miezi ya Juni na Julai jua huku kwetu hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa matofali au wa udongo hunywa joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku. Kaa mbali na ukuta kama hatua mbili, ili maji ya paa yasidondokee shinani.

2. Mbegu zitoke kwenye papai tamu lililozaliwa maeneo yenye baridi kama yako, ukilipata. Zioshe na kuzifikicha mpaka ule utando wa utelezi utoke, kwa sababu utando huo huzuia mbegu kuota. Zianike kivulini. Kabla ya kupanda ziloweke usiku kucha.

3. Otesha mwezi wa Agosti au Septemba katika makopo yaliyotobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Yaweke karibu na ukuta wa jiko penye joto. Mbegu huota baada ya majuma mawili au matatu, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Usikate tamaa na kuzifukua kutazama.

4. Hamisha miche mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ikiwa na urefu wa shibiri moja au zaidi kidogo. Hapo itakuwa na miezi ya joto ya kupata nguvu kabla baridi haijarudi. Chimba shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko kwenda chini na upana kama huo, jaza udongo na debe moja la samadi iliyooza, kisha inua tuta. Mpapai unapenda maji lakini hauwezi kusimama ndani ya maji. Mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama kwa siku mbili tu huanza kuoza.

5. Panda miche mitatu katika kila shimo. Ikianza kutoa maua itajitambulisha. Dume hutoa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Jike hutoa maua makubwa yaliyokaa karibu na shina. Acha jike moja kwa kila shimo, na dume moja liwatoshe majike yote ya nyumbani na ya jirani. Iko mipapai yenye ua la kiume na la kike pamoja; hiyo hujitegemea, nayo iache. Tumeona watu wakipigilia misumari kwenye mpapai dume ili uzae. Msumari huo ukatengenezee kiti.

6. Miezi ya baridi funika udongo wa shinani kwa majani makavu, lakini yasiguse shina. Mche ambao bado ni mfupi uvike gunia au majani ya migomba jioni, na asubuhi jua likitoka uvue. Kiangazi mwagilia kwa maji yaliyosuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi.

7. Majani yakijikunja na kuwa na madoa ya njano, na matunda yakaonyesha alama za mviringo kama pete, huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari. Hauna dawa. Ng'oa mpapai huo na uuchome, usiuonee huruma, usije ukaambukiza mingine.

Kule mabondeni mpapai huzaa kabla ya mwaka kwisha au mara tu baada ya hapo. Huku kwetu ngoja zaidi, na uwe na subira. Tunda likianza kuonyesha mstari wa njano lichume, ulimalizie ndani ya nyumba penye joto. Likiiva bila utamu mwingi, lidondoshee ndimu. Mtoto atakula. Baada ya miaka mitatu au minne mpapai unachoka, kwa hiyo uwe umeshaotesha mwingine.

Na wale wanaoishi juu kabisa, kama sehemu za Makete ambako asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda? Hao tunawaambia wasipigane na mbingu. Wapande mafyulisi, matunda-damu na pasheni, yanayoivumilia baridi kuliko mpapai. Tunataka mtoto ale tunda, na tunda lolote lililokubali udongo wa nyumbani kwake linatosha.

MPAPAI SI DUKA LA DAWA

Tukisifu mti huu, tunaogopa jambo moja. Wapo wanaochemsha majani ya mpapai na kumpa mtoto mwenye homa, wakisema ni dawa ya malaria. Tumepokea watoto walioletwa siku ya tatu na ya nne, wamekwisha degedege, damu imekwisha mwilini, baada ya kunyweshwa maji ya majani nyumbani. Watu wa nchi ya baridi tuko hatarini zaidi, kwa sababu miili yetu haikuzoea malaria. Mtoto akitoka kuwatembelea ndugu mabondeni, kisha akapata homa, mlete siku hiyohiyo apimwe damu. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto. Majani ya mpapai yaacheni mtini yalishe matunda.

Akina mama wajawazito nao huuliza kama papai linaharibu mimba. Papai lililoiva vizuri ni chakula kizuri kwao, na vitamini C yake inawasaidia kupata damu. Papai bichi lenye utomvu mweupe ndilo tunalowashauri waliache.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, osha mikono kwa sabuni, osha papai kabla ya kulikata, osha na kisu. Ponda nyama iliyoiva kwa kijiko, uondoe mbegu zote, umpe vijiko viwili au vitatu na kuongeza kidogo kidogo. Lililobaki lifunike. Papai lililokatwa na kuachwa wazi kwa nzi ni kuhara kunakongoja mtu.

NANI AANZE KULA?

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wakuu wa nyumba, hasa akina baba.

Tumeona nyumba zenye miti ya matunda na watoto waliodumaa. Sababu yake ni nini? Tunda zuri kuliko yote hupelekwa barabarani kuuzwa. La pili hupelekwa kwa mgeni. La tatu huwekwa kwa ajili ya mgonjwa atakayetokea. Mtoto mzima hupata lililodonolewa na ndege. Na fedha ya lile lililouzwa mara nyingine hurudi nyumbani kama soda na biskuti, tukijiona tumempa mtoto kitu cha maana. Tumeuza chakula tukanunua sukari.

Hatusemi msiuze. Ada ya shule inatakiwa, mbolea inatakiwa. Tunasema kuwe na utaratibu. Mpapai ulio karibu na mlango wa jiko uwe wa watoto na wa mama mjamzito, na kila mtu nyumbani ajue hivyo. Mingine iliyo shambani, kama ipo, ndiyo ya soko. Baba akitamka neno hilo mara moja mbele ya watu wote, limekwisha. Akikaa kimya, mama hawezi kulilinda peke yake. Tumewasikia akina mama wengi wakituambia, "Nesi, tunda lipo, lakini si langu kulikata." Neno hilo linatuuma kuliko upungufu wa dawa, maana dawa tunaweza kuagiza.

Tena jumuiya zetu ndogo ndogo zingeweza kufanya mengi kwa gharama kidogo. Tukikutana nyumbani kwa mtu, tunaweza kuacha hapo miche mitatu. Jumuiya yenye nyumba 15 inahitaji makopo 45 na mbegu za papai moja. Mzee aliyetufundisha sisi habari za baridi hakuwa na cheti chochote, na naamini kila kijiji kina mzee wa namna hiyo. Muulizeni baridi inalala wapi.

Yule mama wa mwaka mmoja na nusu aliporuhusiwa kurudi nyumbani tulimpa mbegu zilizooshwa, zimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Alikuja tena kliniki baada ya mwaka na miezi kadhaa. Mtoto alikuwa amepanda uzito, ingawa kimo bado kilikuwa nyuma. Tulipomwuliza habari za mpapai akacheka. Alisema umezaa mapapai manne, madogo, na utamu wake si kama ya sokoni.

"Mlifanyaje nayo?"

"Tumekula," akasema. "Na hakuna aliyekuwa anaumwa."

Wapendwa wasomaji, neno hilo la mwisho tungependa kulisikia kutoka kila nyumba. Kinga ni bora kuliko tiba, tumelisema miaka yote. Safari hii tunaomba mlisemee bustanini. Agosti si mbali. Anzeni kutafuta makopo.